Muuza Mitumba Aliyejifunza Kunyamaza

Juma lililopita tulimzika mama mmoja muuza mitumba wa Buguruni, na tangu hapo soko limepoa. Wasomaji wangu, mama yule hakuwahi kumwachia mteja nafasi ya kujibu. "Kaka, umelipenda hili? Umelipenda. Linakutosha? Linakutosha. Haya, nakufungia." Ndivyo nilivyorudi nyumbani siku moja na koti la manyoya, katika joto hili la Dar es Salaam.

Nyumbani kwake alimlea mjukuu wake wa kike, mtoto mdogo ambaye viungo vyake vilikakamaa tangu kuzaliwa na hawezi kutamka neno. Bibi alimsemesha kama wateja: "Unataka uji? Unautaka." Mtoto akilia, bibi anaongeza kijiko. Ndipo muuguzi mmoja wa kliniki akamweleza taratibu kwamba mtoto anasikia na anaelewa, ila jibu lake huchelewa na hutoka kwa macho. Muonyeshe vitu viwili, muulize mara moja, kisha nyamaza.

"Ninyamaze?" bibi akashtuka. "Mpaka lini?"

"Mpaka akujibu, mama."

Dawa aliivumbua mwenyewe: akishauliza, anatia ubuyu mdomoni, na hasemi mpaka amalize kuumumunya. Nilikuwepo asubuhi moja, nimekaribishwa chai. Akanyanyua kikombe cha uji na cha maziwa. "Uji au maziwa?" Akatia ubuyu. Shavu lilimvimba, jasho likamtoka, mguu ukawa unapiga sakafu. Mtoto akautazama uji, akaupita. Akayatazama maziwa, akayapita. Macho yakatua kwenye chapati yangu, yakabaki hapo.

Bibi akautema ubuyu. "Lo! Kumbe mke mwenza wangu ana uchu wa vya wageni! Kaka, toa chapati!" Nikaitoa, akaichovya kwenye chai hadi ikalainika, na mtoto akala bila chozi.

Matangani, ndugu walijadili mtoto alelewe wapi: Lindi kwa mjomba wake, au hapohapo kwa jirani aliyezoea kumtunza mtoto wakati bibi yuko sokoni. Mjomba, mtu mwema kabisa, akamwinamia mtoto. "Utakwenda na mie, si ndiyo mama? Ndiyo."

"Mjomba, nawe umerithi!" jirani akamkata. "Umeuliza, ngoja ujibiwe."

Tukangoja. Hata waliokuwa wakichambua mchele wakasimamisha mikono. Mtoto alimtazama mjomba kwa muda mrefu, mjomba akaanza kutabasamu. Kisha macho yakahama polepole, yakatulia kwa jirani. Ili kuhakikisha, wakabadilishana nafasi, akaulizwa tena. Macho yakamfuata jirani huko alikohamia.

Mjomba akashusha pumzi. "Basi, kasema."

Nanyi mlio na watoto wa namna hii, msikate tamaa, wala msiwajibie. Uliza, kisha vumilia ukimya wako mwenyewe, maana huo ndio mgumu. Jibu la mtoto liko njiani. Linatembea polepole tu.