Nyuki Wote kwenye Kompyuta Yangu

Wifi yangu ana ugonjwa wa kueleza vitu. Wiki aliyoolewa na kaka yangu, ambaye ni pacha wangu, nilifungua kabati la jikoni kwao nikakuta kila kopo limebandikwa karatasi: hiki ni nini, kinafaa kwa nini, nani asikiguse. Kwenye kopo la sukari aliandika: "Chai ya mume wangu: vijiko viwili." Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, nikambatiza Mama Vibandiko. Jioni hiyohiyo alinipa chai ya vijiko viwili. Mimi situmii sukari kabisa, lakini yeye alikuwa mgeni kwenye ukoo na mimi nina adabu zangu, nikainywa. Basi nikawa naimeza kila Jumapili, miaka nenda miaka rudi.

Tunafanya kazi chuo kimoja, yeye fundi wa kompyuta, mimi katibu wa mapokezi. Kompyuta za chuo zimetawanyika, kila idara na zake, nyingine zinalala mchana kutwa huku jirani analia hana mashine ya kufanyia hesabu zake. Wifi akasema tatizo si uchache, tatizo ni kwamba hazijuani. Akapita idara kwa idara akiziandikia maelezo, safari hii si kwenye karatasi bali mtandaoni, kwa namna ambayo mashine zenyewe husoma na kuelewa: hii ina nguvu kiasi gani, iko kwa nani, haina kazi saa ngapi, kazi gani haiwezi. Mwenye kazi kubwa anaituma, programu inayasoma yale maelezo, inaikata kazi vipande na kuigawia kila mashine inachokiweza. Kompyuta yangu, kikongwe cha watu, aliiandika hivi: "Dhaifu. Barua fupi tu." Nilinuna siku nzima kwa niaba yake.

Wa kwanza kuhitaji msaada alikuwa Bwana Nyuki, mtafiti mwenye mizinga juu ya paa. Mkuu wa chuo alikuwa amechomwa na nyuki puani pale mkahawani, na kwa pua ile, iliyovimba ikang'aa, akaamuru mizinga iondoke. Bwana Nyuki akaapa kwamba nyuki wa mkahawani si wake. Wake aliwatia nukta ya buluu mgongoni, mmoja mmoja, kwa brashi, mtu mzima na ndevu zake. Kamera za mkahawani zilikuwa na picha za majuma mengi, na kikao cha kuamua kilikuwa kesho yake alasiri. Kwa kompyuta moja asingemaliza hata mwakani. Wifi akamwambia asiwe na wasiwasi, kompyuta zote za chuo zitamtazamia nyuki wake kabla ya chakula cha mchana.

Asubuhi yake nimekaa zangu, kompyuta yangu ikaanza kunguruma. Kioo kikajaa nyuki. Mgeni aliyekuja kuuliza ada akarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Nikamwita wifi, akaja mbio, akagusa hiki na kile, akakaa sakafuni.

Programu ilikuwa na hakika kwamba chuo kizima kina kompyuta moja tu, nayo ni yangu. Nyingine zote zilikuwa zimelala. Bwana Nyuki alisimama kwenye kaunta ameshika tama, na mimi nikamwonea huruma kweli, maana aliwapenda wadudu wale kama wanawe.

Wifi akaanza kuyasoma maelezo kwa sauti, akitafuta kosa. Kompyuta ya maktaba ni ileile ya maabara, kwa sababu zilinunuliwa siku moja. Ya uhasibu ni ileile ya maktaba, kwa sababu zinafanana. Ya mapokezi ni ileile ya uhasibu, kwa sababu zilikuja kwenye sanduku moja. Alifanya hivyo asirudie kuandika, na idara zote, zilipoongeza za kwao, zikamuiga. Akasema haoni kosa lolote.

Hapo uzalendo ukanishinda.

"Wifi," nikamwambia, "mimi na kaka yangu tulikuja kwenye tumbo moja. Uliolewa na yeye. Hukuolewa na mimi."

Aliyatazama tena yale maneno, ileile na ileile, ambayo mashine iliyachukua kama yalivyo. Kisha akaangua kicheko, akanibusu kwenye paji la uso, akaanza kufuta. Kila palipoandikwa kwamba hii ni ileile, akaandika kwamba ni ya aina moja na ile, basi, kila moja na mambo yake. Ya kwangu ikanyamaza. Maabara ikavuma, maktaba ikaitikia, uhasibu wakatoka nje kuuliza kuna nini. Bwana Nyuki akacheza ukumbini, peke yake, bila muziki.

Jibu lilitoka kikao kikiwa kimeanza. Tulikimbia wote watatu, mimi viatu mkononi. Katika nyuki wote wa mkahawani, mwenye nukta ya buluu alikuwa mmoja tu, mlafi, aliyekuwa akirudi kila siku kwenye soda ileile.

Mkuu akajigusa pua. "Basi ndiye huyo," akasema. Kikao kizima kikavunjika mbavu, naye akacheka, akaiacha mizinga.

Jumapili nikaenda kwao kama kawaida. Wifi alikuwa amesimama na kijiko juu ya kikombe changu, hakimwagi.

"Hivi wewe unatumia vingapi?"

"Hata kimoja."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe, wifi."

Aliweka kijiko chini, akakaa, akafunika uso kwa kanga. Nilidhani anacheka, kumbe analia, kisha kweli akacheka, na mimi nikawa nafanya yote mawili pamoja naye. Kaka yangu akachungulia jikoni kuuliza kulikoni, tukamfukuza.

Alinimiminia kikombe kingine. Ilikuwa chai nzuri sana.