Dakika Tano za Mjomba

Kabla sijaona chochote nilisikia kikohozi. Kilitoka kwenye spika za ukumbi wa hoteli, kizito, kikavuka bustani hadi barabarani tulipokuwa tukitembea mimi na mjomba.

"Unasikia?" akanishika mkono. "Ule ni muimbaji yetu!"

Ndivyo rokenroli ilivyotufikia Gisenyi mwishoni mwa miaka ya tisini: saa nane mchana, ikiwa imevaa sweta. Wazee wanne kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, ambao ujanani walitikisa kumbi za Kivu nzima, walipanda jukwaani wakishikana mikono kama watu wanaovuka mto. Mjomba alikuwa mwenzao wa tano, kabla hajarudi Rwanda na kuwa karani. Walimwahidi wimbo mmoja tu, ule wenye solo yake ya gitaa. Alifanya mazoezi wiki tatu mfululizo, hata mkewe akaanza kuhudhuria ibada za kila siku.

Tamasha lilianza kwa desturi yetu, yaani bila muziki. Waheshimiwa walitambulishwa. Kila mmoja alisimama, akasema hana la kusema, kisha akalisema kwa nusu saa. Mmoja alitukumbusha kwamba rokenroli inahitaji nidhamu. Mwingine alilisifu ziwa, ambalo lilikuwa pale pale dirishani na halikuwa limeshtakiwa na mtu.

Wazee walianza kupiga saa kumi na moja. Nyimbo tatu, na mapumziko ya kuvuta pumzi katikati. Nilikuja kucheka, nakiri. Lakini vile vidole vilivyopinda vilitoa sauti changa, yenye kiburi, na mama mmoja mnene mbele yangu akavua viatu.

Kisha kiongozi wa bendi akatazama saa yake.

"Grand frère, kuya! Tuko na dakika tano. Saa kumi na mbili banafunga bariyeri ya mupaka, na mi silali huku."

Mjomba akapanda. Akapewa gitaa. Kwa heshima, akapewa na maikrofoni.

"Bon," akasema. "Mbele ya yote, muniruhusu nishukuru..."

Akashukuru viongozi. Akashukuru hoteli, mkuu wake wa ofisi, aliyeleta jenereta, na wake wa wanamuziki waliobaki Goma.

"Muzee, piga basi!" yule mama akapiga kelele, viatu mkononi.

"Nakuya, mama, nakuya. Sijashukuru bado watu ya protokole."

Alipomaliza protokole, kiongozi alikuwa ameshachomoa waya na kuukunja.

"Pole, mon vieux. Bariyeri haingojaka mutu."

Mjomba akalitazama gitaa, akalirudisha kwa mwenyewe. Akashuka, akawapa mkono waheshimiwa wote, mmoja mmoja, kwa kufuata vyeo, akatoka kupitia mlango wa pembeni. Nilitaka kumfuata. Mshereheshaji akaniwahi na kuufunga nyuma ya mjomba, kwa sababu upepo wa ziwa ulikuwa unasumbua hotuba ya shukrani ya mheshimiwa mwingine.