Programu ya Keji Ilivyosambaa Juba

Sisi tulioishi mtaa wa Atlabara, Juba, enzi za simu za kwanza za kugusa tunajua: programu haikupakuliwa, iliombwa. Ulimwendea mwenye nayo, mkawasha Bluetooth, mkakaa bega kwa bega mkitazama mstari ukijaa taratibu. Mtu akipita katikati yenu mnamfokea, eti amekata mawimbi.

Dada yangu Keji, aliyekuwa chuo kikuu, ndiye aliyetutia wazimu. Tulikuwa tumerudi kutoka Uganda tukijua Kiswahili na Kiingereza, na Bibi alijua Kibari tu. Tulizungumza naye kwa mikono, kama mabubu. Basi Keji akatengeneza mchezo wa simu wa kutufundisha Kibari. Ukigusa picha ya maji, unamsikia Bibi akisema "piyong", kwa ukali, kana kwamba umechelewa kuyaleta.

Duka rasmi la mtandaoni lilitaka kadi ya benki, nasi hatukuwa nayo. Keji akaamua kuugawa mwenyewe, akaanza na Mama. Simu ikaonya kwamba chanzo hakijulikani.

"Mimi iko na simu moja tu," Mama akasema. "Ikikufa, nitaita watu na mdomo?"

"Mama, chanzo ni mimi. Wewe ndiye umenizaa."

Mama akacheka, akakubali.

Kwenye soko la Konyo Konyo haikuwa rahisi hivyo. Siku hizo programu fulani ya muziki ilikuwa imeua simu za watu sokoni, na kila tuliyemsogelea alificha yake. Tukaenda kwa Abdi, Msomali kutoka Garissa aliyewajazia watu nyimbo kwenye kadi za kumbukumbu.

"Hii ikiharibu, watu watakuja kwangu," akasema. "Wewe unakaa wapi?"

"Atlabara, nyuma ya kanisa. Njoo na simu zao zote."

Abdi akamtazama, kisha akauweka mchezo kwenye simu yake mwenyewe, wateja wakishuhudia. Simu haikuzima. Akagusa picha ya mbuzi, Bibi akatamka, na kibanda kizima kikacheka. Kufikia jioni watu walikuwa wamepanga foleni, nami nilirudi nyumbani nikirukaruka kama ndama.

Baadaye tulialikwa harusi mtaa wa Bilpam, kwa watu tusiowajua vizuri. Kitoto kimoja cha huko kikamjia Bibi na kikombe, kikamwambia, "Piyong," kwa ukali uleule. Bibi akanishika mkono.

"Nani ameleta sauti yangu huku?" akauliza kwa Kibari, nami nikamwelewa.

Leo mpwa wangu anapakua programu kabla sijamaliza kupiga chafya. Nikimuuliza imetoka kwa nani, ananitazama kama aliyeniona nimeshuka kutoka mwezini. Simu yake ina kila kitu. Ila hajawahi kukaa kando ya mtu, simu zimegusana, akitamani mstari usijae upesi kwa sababu mazungumzo yamenoga.