BMX ya binti yangu kila ikienda Kinyala inarudi imepinda ekseli upande mmoja

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi. Haya yamenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi hata punje.

Naishi Makandana hapa Tukuyu. Binti yangu Tusekile ana miaka tisa. Nilimnunulia baiskeli ya BMX, zile ndogo zenye vyuma viwili vimechomoza kwenye ekseli ya nyuma, ambavyo watoto wanasimamia wakipakizana.

Siku ya kwanza alitaka kulala nayo chumbani.

Likizo akaenda nayo Kinyala kwa bibi yake, yaani mama yangu mzazi. Ikarudi spoku zimekatika na ekseli ya nyuma imepinda. Nikatengeneza. Akaenda tena, ikarudi imepinda vilevile, na gololi zimesagika.

Hapo nikapandisha hasira.

Mnaijua milima ya huku kwetu. Nikasema huyu anaruka matuta, anaiga michezo ya hatari anayoiona kwenye simu ya mama yake. Nikimuuliza anaangalia chini. "Mimi sirukagi, baba." Haongezi neno.

Nikatoa tamko: ikivunjika tena, nampa binamu yake. Mtoto akasusa kula, mama yake akaninunia. Na Tukuyu hii ilivyo na baridi, kununiwa ni adhabu kubwa wakuu.

Ila kuna kitu kilikuwa kinanisumbua. Ekseli ilikuwa inapinda upande wa kulia tu. Mtu akiruka anatua kwenye tairi, kwa nini upande mmoja ndio uumie? Halafu kile chuma cha kulia kilikuwa na madoa meusi, nasugua na sabuni hayatoki.

Safari iliyofuata nilimwacha atangulie, nami nikaibuka Kinyala bila taarifa. Mama akaniambia mtoto yuko nyumba ya chini, ameenda kumsalimia Bibi Atupele, rafiki wa mama wa kanisani. Nikashuka kwa miguu katikati ya migomba.

Nilichokikuta sasa!

Tusekile amepiga magoti anaaga. Bibi Atupele amesimamisha mkungu wa ndizi juu ya kile chuma cha kulia, anaukaza kwenye siti kwa kamba ya mgomba. Utomvu unachuruzika kwenye ekseli. Kwenye usukani kuna mfuko wa parachichi.

"Bibi, inatosha," mtoto anasema.

"Inatosha nini? Mjukuu wa rafiki yangu aondoke mikono mitupu, watu watanionaje? Ulipokuwa unakuja kwa miguu nilikupa kichana kimoja. Sasa una usafiri!"

Kumbe ni hivyo nyumba zote anazopita. Huku kwetu mtoto akija kusalimia lazima apewe kitu, na kukataa ni kumdharau mwenye nyumba. Ndizi zenyewe mama alikuwa anatutumia mjini, na mimi nakula mbalaga, ndizi zetu za kupika, huku nasifia kwamba shamba la mama mwaka huu limekubali.

Nikamvuta Tusekile pembeni. "Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Ungenikataza kuja kwa mabibi."

Wakuu, hebu fikirieni. Mtoto alikuwa tayari baiskeli aipendayo iende kwa binamu yake, ilimradi asikose vibaraza vya mabibi. Machozi yalinilengalenga, nikasingizia moshi wa jikoni.

Nikaufungua ule mkungu, nikajitwisha begani. Bibi Atupele akapiga makofi. "Ndaga fijo, asante sana, Baba Tuse! Kumbe na wewe una mabega!" Akaenda kuniletea magimbi.

Nilichojifunza: vile vyuma ni vya mguu wa mtoto, siyo vya mkungu. Na mtoto akikaa kimya, usikimbilie kusema amekosea. Anaweza kuwa anamlinda mtu.

Siku hizi Tusekile anatangulia na BMX yake tupu, anasalimia. Mimi nafuata nyuma kwa miguu, nyumba hadi nyumba, nabebeshwa. Wazee ambao nilikuwa nawaona misibani tu, sasa wananijua hadi ninavyopenda chai yangu.

Haya, nanyi mwageni: baiskeli za watoto wenu zinavunjika wapi, na mligunduaje kinachozivunja? Wanaotaka kunicheka, ruksa, bega bado linauma.