Dashi Katika Fomu ya Alama

Siku yangu ya kwanza kazini nilipandishwa ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya vitenge Kariakoo, kilipokuwa chuo chetu cha biashara. Mkuu wa Taaluma, mtu asiyependa porojo, alinisukumia rundo la fomu za alama.

"Wewe ndiye karani wa matokeo," alisema. "Majaribio manne. La chini linafutwa, matatu yanayobaki unajumlisha, unagawa kwa tatu. Basi."

Utaratibu ule uliwekwa kwa huruma, ili siku moja mbaya isimharibie mtu muhula mzima. Nilikuwa nakata alama ndogo kwa kalamu nyekundu, mstari baada ya mstari, mbio mbio. Nilisifiwa kwa wepesi, na sifa zikanivimbisha kichwa. Asiyefanya jaribio aliwekewa dashi, na mimi dashi niliziona kama uchafu wa karatasi.

Baada ya miaka mingi nilihamishiwa tawi la Ilala, chini ya Msajili, mama mpole lakini mwoga wa makao makuu. Huko ndiko alikokuja Rehema, mwanafunzi wa mwaka wa pili, wiki moja baada ya kurudishwa mlangoni siku ya mtihani wa mwisho. Mwenye wastani wa majaribio chini ya arobaini na tano hakuruhusiwa kuufanya.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Umekuja kulalamika?"

"Hapana, madam, nauliza tu. Jaribio la pili sikufanya, tunakaa Jangwani na maji yalituingia ndani. Mengine nina sitini na mbili, hamsini, na arobaini na moja. Mbona wastani wangu ni thelathini na saba? Umekuwa mdogo kuliko hata alama yangu ya chini."

Nilishika kalkuleta kwa madaha, nimwoneshe. Nikaifungua fomu yake. Iliyopaswa kufutwa ni dashi. Mimi nilikuwa nimefuta arobaini na moja, kwa kuwa ndiyo namba ndogo niliyoiona, kisha alama mbili zilizobaki nikazigawa kwa tatu. Wastani wake halisi ulikuwa hamsini na moja. Niliona aibu, nikamwambia kosa ni langu.

Msajili alimpangia mtihani maalumu, akafaulu. Lakini nilijua Rehema hakuwa wa kwanza kuwekewa dashi. Nikaomba nifungue fomu za miaka ya nyuma.

"Mwenzangu," Msajili alisema, akifunga kabati, "hao wameshaacha chuo. Tukizifungua, tutawaambia nini?"

Nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu. Niliogopa, nikanyamaza.

Sasa nimepumzika. Vijana mnaofanya kazi hii mnaniambia siku hizi kompyuta inakokotoa yenyewe. Sawa, lakini nayo ikitafuta alama ya chini huruka kisanduku kitupu, kama nilivyokuwa nikiruka mimi. Asiyekuwepo mwandikieni sifuri kwanza, ndipo mfute. Na mkimaliza, tazameni kama wastani wa mtu umeshuka chini ya alama zake zote. Mimi nilifundishwa hilo na mwanafunzi.

Wenzangu wa zamani bado hunipongeza kwa habari ya Rehema. Mimi huwawaza wale waliosoma jina lao ubaoni, kwenye orodha ya waliozuiwa mtihani, wakaiamini hesabu yangu, wakarudi nyumbani.