Mishale ya Majina

Sikuwahi kuwa mtu wa kutulia. Kwenye kipindi natembea, na hata madaftari huyasahihisha nikiwa nimesimama. Kwa hiyo muhula ule, nilipofika kwenye mada ya kuzaliwa na kupewa majina katika dini za jadi, sikuweza kufundisha tena kwa ile picha ya kabatini. Ilikuwa picha ya familia ya Kiafrika iliyovaa ngozi, mama na mtungi kichwani, na nyuma yao kilima ambacho hakipo popote. Wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza, pale Ruiru, wengi wamezaliwa kwenye ploti za Mwiki, zile nyumba za vyumba vya kupanga. Walikuwa wakiitazama kama tangazo la sabuni.

Nilihangaika wiki nzima. Vitabu vya madukani Thika vilikuwa na familia ileile, ila kwa rangi. Projekta niliyoazima idara ya sayansi ilikataa kuwaka. Video niliyopakua ilikuwa ya mzungu anayetueleza mila zetu huku ngoma zikimfunika sauti, nikaizima kwa hasira. Jioni moja, nyumbani kwangu mtaa wa Landless, Thika, nikizungukazunguka jikoni na sufuria mkononi, wazo likanijia, na nikalipenda kupita kiasi. Wanafunzi wenyewe ndio watakuwa kifaa cha kufundishia. Kila mmoja achore ukoo wake kwenye karatasi ya manila: yeye na ndugu zake chini, wazazi juu yao, babu na nyanya juu kabisa, kisha mshale utoke kwa kila mtoto hadi kwa yule aliyeitwa jina lake.

Hapa lazima nijieleze. Mimi si wa huku. Kwetu magharibi mwa nchi mtoto huitwa jina la marehemu aliyemtokea mtu ndotoni, au la mvua, au la njaa iliyokuwapo. Wakikuyu, ambao ndio wengi darasani mwangu, wana foleni: binti wa kwanza huitwa jina la nyanya mzaa baba, wa pili la nyanya mzaa mama. Foleni hiyo niliijua, hata niliifundisha. Ila sikuwahi kujiuliza inasema nini ikirukwa.

Ijumaa tulibandika chati ukutani, nikawaambia wazunguke wasome za wenzao. Nilikuwa nyuma yao nikijisifu kimoyomoyo. Mbele ya chati moja kulikuwa na kikundi ambacho hakikuhamia nyingine. Chati ilikuwa ya msichana mpole mwenye mwandiko safi kuliko wangu. Mshale wake ulikwenda kwa nyanya mzaa mama. Mshale wa mdogo wake wa kike ulikwenda kwa nyanya mzaa baba.

"Si wewe ndio first born?" mwenzake mmoja akamuuliza, bila ubaya wowote.

"Ndio."

"Na shosho wa kwa baba ameitwa mdogo wako?"

"Eeh. Wa kwa mama alikuwa mgonjwa sana nikizaliwa, ndio nikaitwa yeye."

"Sawa," mwenzake akasema, akatazama viatu vyake.

Upole wa ile "sawa" ulinitia wasiwasi. Msichana akaigeukia chati yake. Nikamwona akifuata mishale kwa kidole, wake, kisha wa mdogo wake, kisha wake tena. Kengele ilipolia hakusogea.

Mwalimu wa hesabu, mzaliwa wa pale pale, ndiye aliyenieleza. Binti wa kwanza akiitwa upande wa mama, basi mara nyingi mama alimzaa kabla ya kuolewa. Na kama mdogo wake ameitwa upande wa baba, mume aliyepo ni baba wa huyo mdogo tu. "Hiyo kila mtu huku anajua," akasema. "Hata hao watoto wako."

Jumamosi nilitembea kutoka Landless hadi maporomoko ya Chania na kurudi, bila shughuli yoyote huko. Watu walikuwa wakipiga picha. Sikumbuki maji yenyewe. Jumatatu alfajiri nilibandua chati zote, nikazifungia kabatini, nikairudisha ukutani ile familia ya ngozi. Msichana hakuja. Jumanne pia hakuja.

Jioni hiyo nikaenda Mwiki. Mama yake hushona sare za shule kwenye kibanda mbele ya ploti yao. Hakunifokea, na ningefurahi kama angenifokea.

"Nilikuwa nangoja amalize Form Four ndio nimwambie, Mwalimu," akasema. "Maneno nilikuwa nimeshayapanga."

Nikamwomba msamaha. Nikauliza binti yuko wapi.

"Ndani. Haongei na baba yake. Na huyo ndiye amemlea tangu hajui kutembea."

Akarudi kukanyaga cherehani. Nilisimama pale nikijichukia, kisha nikaaga.

Alhamisi alikuja. Wakati wa mapumziko alingoja wenzake watoke, akaitazama ile familia ya ngozi, akaniomba chati yake. Nikalifungua kabati, nikampa. Akaipokea, akaikunja mara nne.

"Madam, ulikuwa unajua?"

Nikamwambia sikujua, kwamba nilielezwa baadaye ofisini, kwamba mimi si wa huku.

"Na darasa lote walijua? Kwa kusoma tu?"

"Ndiyo."

Akaitia chati kwenye begi, akafunga zipu polepole.

"Kumbe ni mimi na wewe tu," akasema, "tulikuwa hatujui."