Kitabu Kwenye Pipa la Muhogo

Tangu nianguke kisimani nikaumia nyonga, mimi ni mtu wa mkeka. Nashinda jikoni kutwa. Wapita njia wa Busunzu nawajua kwa sauti, nami nawaiga kama kasuku.

Mwenzangu alikuwa mjukuu wangu wa miaka kumi na mitatu. Anamenya muhogo, akipumzika ananisomea hadithi, maana mimi shule sikuiona hata siku moja. Vitabu alikuwa anaazimwa na mwalimu wake, mama wa Tanga aliyehamishiwa huku. Nikimwiga huyo, nayavuta maneno: "Mwanangu, hadithi ni ya kustarehe nayo, usiikimbize." Halafu nawaiga wasichana wenzake wanaomcheka njiani: "We, hadithi za nini? Zina maksi?" Anacheka mpaka kisu kinamdondoka.

Ila mama yake, binti yangu wa kumzaa, tulimwogopa sote wawili. Anatoka shamba amechoka, akikuta kitabu: "Hicho kimo kwenye mtihani? Hakimo? Weka huko!" Simlaumu. Mtoto wa mkulima atatokea wapi kama si kwenye mtihani? Lakini bila zile hadithi mimi nilikuwa natazama ukuta tu.

Mchana mmoja mtoto akazama kabisa kwenye kitabu. Anasoma kimyakimya, anacheka peke yake. Namwita, "Mke mwenzangu!" kama tunavyotaniana. Kimya. Mara ya pili, kimya. Wivu ukanipanda. Nikakohoa kidogo, nikatoa sauti ya mama yake, kali, kama yuko mlangoni: "Hicho kimo kwenye mtihani?"

Hakugeuka hata kutazama. Akakitumbukiza kitabu kwenye pipa la muhogo tuliouloweka.

Mimi nikacheka, mjinga mimi. Tulipokitoa kimevimba, kinanuka, kurasa zimegandana. Akalia bila sauti.

Siku nne akawa anamkwepa mwalimu. Mimi mguu wa kufika shuleni sina. Nikimwambia mama yake, namchongea mtoto. Nimekaa hapo mkekani na kosa langu, hakuna pa kulipeleka.

Mwisho nikamtuma jirani amwite mwalimu, saa ambayo binti yangu yuko shamba. Nikamweleza kwa sauti yangu mwenyewe, bila kumwiga mtu. Akacheka: "Bibi, karatasi tu hiyo." Akatoa kitabu kingine mkobani.

Mjukuu akakipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kushukuru, akakiweka juu ya kabati.

Wiki mbili sasa, sijamwona akikishusha. Juzi nikamwambia, "Mama yako yuko sokoni Kasulu, harudi mpaka jioni. Soma basi, hata kidogo."

"Nimejaribu, bibi. Nikikifungua tu nasikiliza mlango."

"Sitaiga tena. Naapa."

"Najua." Akavuta beseni karibu, akaendelea kumenya.